Fundi Asiyeruhusiwa Kutazama Skrini

Nilipoacha kuchapisha kadi za mialiko, nilianza kuhariri video za harusi za Kiislamu, hasa ile sehemu ya wanawake peke yao. Mimi ni Mkristo, binti wa mtu aliyetoka Magharibi mwa Kenya akaja kufanya kazi kiwandani, na sina mume. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililoniletea wateja. Ukumbini wanawake huvua mabuibui, huachia nywele na kucheza mpaka viatu viwatoke. Mpiga video ni mwanamke, mhariri ni mwanamke, na sharti ni moja tu, wala haliandikwi popote: mwanamume asione hata kivuli.

Studio yangu ilikuwa chumba na jiko, ghorofa ya pili huko Mowlem, Nairobi, pazia likiwa katikati. Mwaka huo nilikuwa nimepata kompyuta kubwa ya michoro, mtumba wa kampuni ya matangazo. Baada ya miezi kadhaa nikapata na monita iliyotolewa na studio moja ya televisheni iliyokuwa inabadilisha vifaa. Ilikuwa nzito kama gunia la viazi na ina waya nyuma kama mtu aliyelazwa hospitali. Muuzaji aliniapia kwamba monita hiyo haijui kudanganya: nyekundu ni nyekundu, nyeupe ni nyeupe. Nikaona sasa nimekuwa mhariri kamili. Siku hiyohiyo nikampa jirani skrini yangu ya zamani, akaondoka nayo mbio kabla sijabadili nia.

Kweli monita haikudanganya, ila ilikataa kusema. Picha ilikuja ya kijani, ikapanda polepole kutoka chini hadi juu, ikapotelea darini, ikaanza tena. Nayo kesho yake asubuhi, mama wa bibi arusi alikuwa anakuja kukagua video ya binti yake.

Nikampigia fundi wangu wa Mathare. Ni mtu mzima, mpole, aliyejifunzia kazi kwenye televisheni za kizamani zenye mgongo. Kwa bahati mbaya alifika asubuhi hiyo, wakati mmoja na wateja. Walikutana ngazini: mama wa bibi arusi, muuza vitambaa kwa jumla, mwanamke aliyezoea kuamua mambo akiwa amesimama; na nyuma yake shangazi wa bibi arusi, mzee mwembamba aliyeshika tasbihi.

"Huyu ni nani?" mama aliniuliza, akimtazama fundi kana kwamba ni kabati lililoachwa njiani.

"Ni fundi, mama. Skrini ina shida kidogo."

"Atatengeneza bila kuitazama?"

Nilidhani ni swali. Fundi alielewa upesi kuliko mimi kwamba ni amri. "Inawezekana, mama," akasema, akapita moja kwa moja jikoni, akavuta pazia. Nikasikia akikisogeza kigoda changu.

Basi tukaanza. Nilikaa mbele ya kompyuta, wale wakaketi nyuma yangu, na video ikaanza kupanda.

"Siste, unaona nini?" fundi aliuliza kutoka jikoni.

"Picha inapanda."

"Haraka au polepole?"

"Polepole. Halafu wote ni kijani."

"Bibi arusi pia?"

"Usiulize habari za bibi arusi!" mama akasema.

Nikasikia fundi akiinuka kigodani. Kisha fundi, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno: "Hapo tatizo ni sinki."

"Usiguse sinki!" mama akamjibu. "Hatukukuita kwa ajili ya vyombo. Tengeneza skrini."

Ilibidi fundi aeleze, akiwa amesimama kando ya sinki langu halisi lenye vikombe vya jana, kwamba hilo ni neno la mafundi la Kiingereza, maana yake kompyuta na monita kwenda pamoja. Kompyuta inatuma picha mara sitini kwa sekunde, akasema, nayo monita ya studio imezoea hamsini. Na kila picha inakuja na ishara ya kusema "naanzia hapa". Monita isipoipata ishara hiyo haijui juu ni wapi na chini ni wapi, ndiyo maana picha inatangatanga. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," akasema. Sikujua anaihurumia monita au fundi.

Fundi akaniongoza: fungua setingi za kadi ya picha, tafuta orodha ya fomati, teremka mpaka kwenye hamsini, bonyeza. Kuyasoma maandishi yanayopanda ni kazi. Nilikuwa nainua shingo kila mara kama kuku anayekunywa maji. Hatimaye nikaipata, nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi tii.

"Imezima!" nikapiga kelele.

"Tulieni! Msiguse kitu!" fundi akasema. "Kompyuta inauliza kama umekubali. Usipojibu sekunde kumi na tano, itarudisha ya zamani yenyewe. Subirini tu."

Mama wa bibi arusi hakujenga biashara yake kwa kusubiri. Kabla sijageuka, mkono wenye hina ulipita juu ya bega langu, ukabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote.

"Nimekubali," akasema. "Sasa?"

Sasa tulikuwa tumekubali giza. Nilimweleza fundi kilichotokea. "Hapo," akasema, "lazima niingie."

Mama akakataa. Nikamwambia kwamba hata mimi sioni kitu. Akakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Ni shangazi aliyetuokoa. Aliacha kuhesabu tasbihi, akaitazama skrini kwa muda, kisha akatoa uamuzi: "Hii ni nyeusi. Hakuna mtu ndani. Aingie. Picha ikirudi, atoke."

Nimefanya kazi na mafundi wengi, lakini sijawahi kumwona mwingine aliyepewa masharti kama hayo: akishindwa, akae, akifaulu, afukuzwe. Aliingia akitembea ubavu-ubavu, mgongo ukutani, macho darini, akaja kupiga magoti nyuma ya monita. Tulichoona ni vidole vyake viwili tu na mwanga wa simu.

"Ah," akasema huko nyuma. "Kumbe kila kitu kimeandikwa hapa."

Kulikuwa na kibandiko chenye orodha ya fomati zote ambazo monita inakubali, na chini yake kijiswichi kidogo kama punje ya mchele. Mimi, mwenye monita, sikuwahi kuzunguka nyuma. Akaeleza kwamba kompyuta inaipitisha ile ishara ndani ya waya wa kijani, lakini swichi inaitafuta kwenye waya mwingine. "Kijani chako kilitoka hapa, siste. Nageuza."

Picha ikaja. Imetulia, pana, safi, wanawake arobaini wakicheza. Niliiona kwa muda wa kupepesa jicho, kwa sababu mama alikuwa amevua shali yake na kuitupa juu ya monita.

"Toka!" akamwambia fundi, ambaye kutoka alikokuwa asingeona kitu hata angetaka.

Akarudi jikoni. "Rangi iko sawa?" akauliza.

"Sioni," nikasema. "Imefunikwa."

"Sawa, basi weka ile michirizi ya rangi. Ile ya kupimia. Nyeupe, manjano, samawati, mpaka mwisho. Hiyo haina mwanamke ndani, naweza kuja kuiangalia mwenyewe."

Nikachungulia chini ya shali, nikaiweka. Michirizi hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta siku zote. Tungeweza kuiweka tangu saa nne, tulipoanza, naye fundi aitazame apendavyo.

"Fundi," mama akasema polepole, "kwa nini hukusema hivyo mwanzoni?"

"Mama, hukuniuliza. Uliniambia nisitazame."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya mtandio. Mama hakucheka, lakini aliiondoa shali yake, akamwita fundi aje aketi, na rangi zikarekebishwa kwa ile michirizi, watu wanne wakiitazama pamoja kwa makini, kama familia inayosubiri habari za saa moja. Fundi alipotosheka, alifunga mkoba wake, akaenda kungoja kibandani kwa muuza chai.

Ndipo tukaifungua harusi. Nilijivuna kweli. Kila uzi ulionekana. Mama alitazama dakika tano, halafu akaikaribia skrini.

"Dhahabu ya binti yangu imekuwa ya sufuria."

"Ndiyo rangi yake, mama. Monita hii haidanganyi."

"Uliponitumia kwenye simu ilikuwa inawaka."

"Simu inaongeza. Huu ndio ukweli."

"Ukweli niliuona ukumbini," akasema. "Nilikuwepo. Wewe niwekee dhahabu."

Nikaiweka. Nikaipandisha manjano, nikaizidishia mwanga, na monita isiyojua kudanganya ikanionyesha uongo wangu kwa usahihi wote. "Mashallah," mama akasema, na video ikapita.

Fundi ndiye aliyefaidika zaidi. Habari zilienea miongoni mwa wake wa wafanyabiashara kwamba kuna fundi wa Mathare mwenye heshima, haangalii kitu, na kwa miezi iliyofuata aliitwa katika nyumba ambazo mimi mwenyewe sijawahi kukaribishwa. Nilipomuuliza siri ni nini, alisema hajui, ila sasa akifika kwa mteja huanza kwa kutazama sakafu, na watu hufurahi kabla hajafungua mkoba.

Mimi nilikaribishwa mara moja, kwa mama huyohuyo, siku aliyowaalika jamaa zake wa kike waje kuitazama video. Televisheni yake ilichukua nusu ya ukuta. Hakuna aliyewahi kugusa setingi zake tangu itoke dukani, na kila kitu ndani yake kilikuwa na rangi ya barafu. Bibi arusi alikuwa samawati kidogo. Dhahabu, baada ya kazi yangu yote, ilikuwa na rangi ya ndimu mbichi. Wanawake walipiga vigelegele, wakalia, wakataka irudiwe sehemu ya keki.

Rimoti ilikuwa mezani mbele yangu. Ingechukua dakika mbili kurekebisha rangi. Niliinyooshea mkono, na shangazi, aliyekuwa ameketi kando yangu, akauwekea mkono huo sambusa mbili na kipande cha limau.