Nusu ya Kiko

Siku hizi kazi inanipeleka Dar mara kwa mara kwa ndege, na kila nikiwa kwenye ule uwanja mkubwa nalisubiri tangazo lile. Linasomwa na sauti ya dada mpole, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Abiria wanakumbushwa kuwa hairuhusiwi kuvuta sigara ndani ya jengo, wala sigara za umeme, na kwamba ipo sehemu iliyotengwa nje kwa ajili hiyo. Hakuna anayelisikiliza. Wengine wanachezea simu, wengine wanasinzia mdomo wazi. Mimi nalisikiliza mpaka mwisho, na likiisha nakuwa na hasira, na hasira yenyewe haina wa kumwangukia, maana sheria ni nzuri. Baba yangu aliuawa na moshi. Nani atanielewa nikiitukana sheria inayokataza moshi?

Kwetu ni Misunkumilo, Mpanda, pembezoni kabisa, pale nyumba za mji zinapoishia na mahindi yanapoanza. Wazazi wangu walihamia hapo uzeeni. Kabla ya hapo walilima tumbaku kwenye makazi ya wakimbizi walikoletwa wakiwa watoto, mgongoni mwa wazazi wao waliokimbia Burundi. Tumbaku ilitusomesha na kutujengea nyumba ya bati. Ilitupa na kikohozi pia, ila hicho hakuna aliyekuja kukinunua. Msimu wa kukausha, baba alishinda ndani ya bani, lile banda la matofali ambamo majani hutundikwa juu ya joto la moto. Alitoka humo macho mekundu kama mtu aliyetoka msibani, kisha anakaa nje anavuta kiko ili apumzike. Nilipokua nikaanza kumwambia kwamba hakuna mtu anayepumzika na moshi kwa kuvuta moshi. Alikuwa ananijibu kwamba mimi nimesoma.

Kiko chenyewe kilikuwa cha udongo, chenye mrija wa tete, na kilikuwa na sheria yake, kongwe kuliko sheria ya uwanja wowote wa ndege. Mkuu wa nyumba akienda safari ndefu, mkewe anakijaza kwa mkono wake na kukiwasha kwa kaa la jikoni. Mume anavuta nusu, anakizima kwa kidole gumba, anaondoka nacho. Huku nyuma mke hauachi moto wa jiko uzimike. Siku mume akirudi, anakaa pale pale kwenye kigoda, mke anamwashia kwa moto ule ule, anamalizia nusu iliyobaki. Hapo ndipo safari inahesabiwa imekwisha. Anayeimalizia ugenini huhesabiwa amemaliza safari zake zote. Sijui kama ni desturi ya Warundi wote au ya babu yangu peke yake, maana majirani niliowahi kuwauliza wengine walicheka. Kwetu haikuwa kitu cha kucheka. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alizijua habari za kiko hicho akanyamaza.

Tumbaku ya kiko ilikuwa ya mama. Alipanda miche michache nyuma ya nyumba, akaikausha kivulini, akaipaka asali ya porini kidogo sana kabla ya kuisokota. Hakuna tumbaku nyingine iliyonukia vile. Mtu ukipita njiani ukasikia ile harufu, unajua baba yetu yuko nyumbani.

Alipoanza kukohoa damu, daktari wa Mpanda alimwandikia rufaa ya kwenda Dar. Katika watoto wote mimi ndiye niliyekuwa na mshahara na mdomo, nikachaguliwa kumpeleka. Miezi mingi kabla ya hapo nilikuwa nimepigana naye kuhusu kiko. Nilikificha, nikamsemea kwa mchungaji, nikamwambia mpaka yale ambayo mtoto hamwambii baba. Mwisho aliacha. Lakini asubuhi ya safari mama alikijaza na kukiwasha, na mimi nikageuza uso. Nilimsikia akivuta kidogo, akikohoa, akivuta tena. Akasema nusu imefika. Haikuwa imefika, wote tuliona, lakini hakuna aliyembishia. Alikizima kwa kidole, akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

Huko Dar tulipimwa, tukapangwa foleni, tukarudishwa, tukapimwa tena. Siku ya majibu daktari alikuwa kijana wa heshima, alivuta kiti akakaa karibu na baba kabla ya kusema. Ugonjwa ulikuwa umetapakaa kwenye mapafu na umevuka. Alisema bora mzee arudi akakae na familia. Baba alimshukuru, akamuuliza kama pilipili ina madhara. Daktari akasema ale tu anachopenda, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje. Baba alikuwa ameshika mkono juu ya ule mfuko wa koti.

"Mama yako asijue," aliniambia. "Nitakaa jikoni, nitamaliza kiko changu, ataona nimerudi mzima. Aone hivyo tu, alale usingizi."

Mama ana presha. Mwaka mmoja kabla yake alianguka shambani tukadhani ndiyo basi. Nilitaka kumwambia baba kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kama nusu ya kiko ingeweza kumpa mama yangu wiki mbili tatu za kulala, mimi ni nani hata nikatae. Nikakubali. Yaani mimi, niliyekificha kile kiko uvunguni na ndani ya gunia la mchele, nilianza kukilinda kama yai.

Kwenda tulipanda basi, lakini kurudi nilimkatia ndege, asingeiweza tena ile barabara. Uwanjani tulifika mapema mno, kwa sababu baba aliogopa kuachwa. Begi letu tulilikabidhi, likaenda zake kwenye ule mkanda. Kiko hakikuwa ndani ya begi. Nilikuwa nimemwomba tukiweke humo akakataa, alisema mabegi hupotea. Tulipofika kwenye ukaguzi wa pili alivua koti, akalilaza kwenye trei kwa uangalifu, akasimama wima mikono ubavuni. Baba alikulia mahali ambapo mtu hakutoka bila kibali, na hata baada ya kuwa raia kwa miaka, akiona sare mgongo wake ulinyooka wenyewe.

Askari aliyekikuta kiko alikuwa dada mdogo tu. Alimwamkia baba shikamoo kwanza. Alifungua leso, akanusa, akasema pole pole kwamba kiko kitupu kinapita, hata tumbaku ambayo haijawashwa inapita, lakini hiki kimeshawashwa na kina majivu, na kitu kilichowashwa hakipandi ndege. Mzee anaweza kukimwaga pale kwenye pipa, au arudi nje sehemu ya wavutaji akamalizie. Muda upo.

Nikawaka. Nilimwambia hicho kimezimwa tangu Mpanda, tangu kabla yeye hajafikiria kuamka siku hiyo. Nikamuuliza kama anaona mzee huyu ana sura ya kulipua ndege. Neno hilo halisemwi pale. Watu waligeuka, foleni ikasogea nyuma, akaja mkubwa wake akarudia yale yale kwa sauti ya chini zaidi. Hakuna aliyenikosea. Ningependa hata leo mmoja wao awe alinikosea.

Baba ndiye aliyeomba radhi. "Msameheni huyu," alisema. "Nyie mko kazini. Sisi tunatoka."

Tukiwa tunarudi kinyume na watu wote nilimshauri tukimwage, tukifika Mpanda tupitie sokoni tununue tumbaku, tujaze, tuiunguze juu kidogo. Mama asingejua. Baba aliendelea kutembea, pumzi zikimkatikia.

"Atanusa," alisema. "Halafu kitu alichokijaza yeye sikitupi kwenye pipa la chupa za maji."

Sehemu ya wavutaji ilikuwa ng'ambo ya barabara ya magari: paa dogo, mabenchi mawili, na sanduku lenye mchanga wa kuzimia. Ukutani palikuwa na bango lenye picha ya sigara na ya sigara ya umeme, na maandishi kwamba zote mbili ni hapa tu. Baba alilisoma lote. Alisema amelima hili zao tangu hajaota ndevu, bwana shamba alikuwa anawapigia makofi mkutanoni, na hajawahi kuonyeshwa mahali pa kulivutia. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa kama mtu aliyefika ugenini kwa mkwe.

Hatukuwa na moto. Aliyekuwepo pale alikuwa dada mmoja wa koti la ofisini, anatoa wingu zito lenye harufu ya matunda. Nikamwomba kiberiti. Akanionyesha kile kidude mkononi, akasema hakina moto, ni betri tu. Baba aliinama akakitazama, akashangaa kwa dhati.

"Sasa nyie mnaota moto gani?" aliuliza.

Dada alicheka, na mimi nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikaanza kulia, nikajifanya moshi umeniingia machoni. Akaja bwana mmoja wa tai na sigara ya kawaida, keshaiwasha. Nilimweleza. Hakuuliza kitu. Aliinama mbele ya baba, akagusisha ncha ya sigara yake kwenye kiko, akangoja hivyo hivyo ameinama mpaka kikashika.

Ile harufu ya asali ikatoka. Pale, kwenye lami, katikati ya teksi na matoroli ya mizigo, harufu ya nyumbani kwetu. Baba alivuta akakohoa. Leso iliingia damu, akaikunja upande mwingine, akavuta tena. Nilimwomba aache, nikamshika mkono, akautoa mkono wangu taratibu. Alivuta mpaka chini kabisa. Halafu hakukung'uta, alikigeuza juu ya ule mchanga, akayasaidia majivu kwa kidole, akayafukia.

"Nimemaliza," alisema.

Nilimwambia si kitu, ni tumbaku tu. Alitikisa kichwa, akasema twende tusiachwe. Safari hii yule dada wa ukaguzi alikiona kiko kitupu akakirudisha kwa mikono miwili, akamtakia mzee safari njema. Ndani ya ndege walitangaza tena habari za sigara na sigara za umeme, kwamba hata chooni ni marufuku. Baba alikuwa amefumba macho. Nilikuwa na hasira na dunia nzima na sikuwa na pa kuitua.

Mpanda tulichukua bajaji. Njiani aliniambia atamwambia mama amechoka, kiko kesho. Kesho tungetafuta namna. Nilimjibu sawa, nikijua hakuna namna.

Lakini mama alikuwa ameisikia ndege ikipita juu ya nyumba. Tulipoingia uani tulimkuta jikoni, kigoda kimeshafutwa, moto umekaa vizuri, na yeye amepiga kanga mpya. Alimpokea baba begi, akamkalisha. Kabla sijapata la kusema alikuwa ameshachagua kaa na kulishika kwa vijiti viwili, mkono mwingine ameunyoosha. Baba angesema nini? Alikitoa kiko akampa.

Alijua ni chepesi mara kilipogusa kiganja chake, niliona. Hata hivyo alikinusa. Akaingiza kidole kidogo ndani, akazungusha, akakitazama kile kidole. Kisha akalirudisha kaa jikoni, kwa utaratibu, pale pale alipolitoa. Baba alikuwa anaangalia miguu yake.

Mama aliniuliza mimi, si yeye. "Nani alimwashia?"

"Abiria mmoja, mama. Simjui."

"Alimwashia vizuri?"

"Aliinama."

Akaitikia kwa kichwa. Alikifuta kiko kwa pindo la kanga, akakiweka juu ya kichanja ambako kilikaa siku zote baba akiwa nyumbani. Alimpa baba pole ya safari, akamwuliza kama atakula sasa au baadaye, na baba akasema baadaye, anaomba maji. Nilisimama mlangoni nikisubiri aanguke, apige kelele, afanye chochote kile tulichokuwa tunakiogopa tangu Dar. Aliongeza kuni. Alipompa baba maji alinigeukia, uso mkavu kabisa.

"Nenda kawaambie baba zako wadogo waje," alisema. "Waje na blanketi, watakesha hapa."