Swali Lililopokelewa

Mkutubi mwenzangu huvua saa kabla ya mkutano, akailaza kando ya kompyuta na kukunja mikono ya blauzi kama anayejiandaa kufua. Mwaka wa sita huu anajitolea kuandika kumbukumbu za kamati ya kanuni za intaneti, na hajawahi kuketi na wajumbe wake chumba kimoja; yeye huhudhuria kwa kompyuta tu. Tiketi za ndege za kwenda vikaoni hupewa wale wale. Jana aliuliza tena, kwa sauti yake ya kubembeleza mtoto, "Ndugu mwenyekiti, wanaosafirishwa huchaguliwaje?"

"Dada, swali tumelipokea. Tuendelee."

"Swali lako hilo limeshaota mvi," nikamtania kikao kilipofungwa.

"Mvi? Lina wajukuu, mwenzangu."

Akacheka, cheko lisilotoka kooni. Vidole vyake vyembamba vikaandika: Mjumbe mmoja aliuliza. Akasita, akafuta, akaweka jina lake kamili, hadi la marehemu babake. Akalitazama kitambo. Kisha akalifuta herufi moja moja, maana kumbukumbu hazitaji waulizaji. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe mwaka wa kwanza, ili watu waulize bila woga. Mjumbe mmoja, akaandika upya, na akavaa saa yake.