Nilivyoiharibu Hadithi ya Mama Mkubwa

Skripti yangu ya kwanza kununuliwa niliipata jikoni kwa mama mkubwa, dada yake mama, milimani juu ya Mkuyuni. Tulikuwa tunachambua karafuu. Bila mimi kumwuliza, akanisimulia siku mumewe alipoleta mke wa pili. Msichana yule alipanda mlima na sanduku jekundu la bati kichwani. Mama mkubwa akampokea lile sanduku, akamwekea maji ya kuoga, kisha akachukua jembe akaenda shambani. Alilima mpaka jua likazama. Baadaye mke mwenzake alifariki kwa uzazi, na mama mkubwa akamlea mtoto kama wa kumzaa mwenyewe.

Niliiandika vilevile. Prodyuza akaja kutoka Dar, tukakutana mgahawani karibu na stendi ya Msamvu. Akasoma, akafika penye jembe, akaguna.

"Hapa mtazamaji atalala. Mtu kaletewa mke mwenza, halafu anaenda kulima? Amtilie sumu huyo mdogo, halafu naichukua."

Nilijua anakosea. Ukurasa ule wa jembe ulikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Lakini nilikuwa nimezunguka na skripti miaka minne, nikitamani kuona jina langu kwenye skrini. Nikasema sawa. Kwa siku tatu nikamgeuza mama mkubwa kuwa muuaji. Sanduku nikalibakiza jekundu. Karafuu nikazibakiza. Hata mguu wake wa kushoto anaouburuta kidogo nikaubakiza, nikiona unanogesha.

Filamu ilifika Mkuyuni kabla yangu. Nilipopanda kumsalimia, nilimkuta barazani peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Juzi binti yangu kaniuliza mama yake alikufaje. Tangu nianze kumlea hajawahi kuniuliza."

Nikaanza kujieleza, kwamba ni maigizo tu, kwamba prodyuza ndiye aliyetaka.

"Niliyemsimulia ni wewe," akasema. "Huyo mwingine simjui."

Nikateremka sokoni kwa yule binti, ambaye sasa ni mama mtu mzima na fundi cherehani. Nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mimi najua, kaka. Mama aliyenilea namjua, hawezi kuua. Ila wateja ndio wananiuliza, ndiyo maana nikamwuliza, nami kila siku naanza upya kuwaeleza."

Siku hizi vijana wanaosoma chuoni Mzumbe huniletea skripti zao. Nawaambia vya nje vibadilishwe: mguu, sanduku, kijiji. Kiini cha tukio kibaki. Mimi nilifanya kinyume. Nawaambia pia wakishamaliza warudi kwa aliyewasimulia, wamsomee akiwa hai na anaweza kukataa. Na mnunuzi akitaka kuung'oa ukurasa unaobeba hadithi nzima, wafunge kurasa zao waondoke, hata kama nauli ya kurudi ni ya kukopa. Wananiitikia kwa adabu. Sijui wangapi wataondoka kweli.

Mama mkubwa hajanifungia mlango. Mwezi uliopita alinipikia magimbi kwa nazi, akaulizia watoto wangu mmoja mmoja. Nikajaribu kumwuliza bibi, mama yake mzazi, alikuwa mtu wa namna gani ujanani.

"Nimesahau," akasema, akaniongezea magimbi.