Nusu ya Kitambaa cha Mama Mizigo

Fundi simu wa kibanda cha jirani anaapa kwamba siku ile Mama Mizigo aliruka meza kama swala, akamkaba tapeli shingoni na kumburura mpaka getini, abiria wakipiga makofi.

"Muulize mwenyewe," anasema, bisibisi mkononi. "Kiatu cha yule jamaa kilibaki pale. Kimoja!"

Mama Mizigo anacheka mpaka anashika kiuno. "Niruke meza na goti hili? Fundi ana maneno huyo, we! Mimi hata sikusimama. Nilimwambia tu, lete nusu yako."

Ni asubuhi, na mabasi ya safari ndefu yanashusha watu. Kibanda chake cha kutunzia mizigo kina rafu tatu za mbao, meza, benchi na dirisha la wavu. Mgeni mmoja anaweka begi mezani. Mama Mizigo anachukua kipande cha kitambaa cha maua ya njano, anakitoboa ukingo kwa meno, kisha anakichana katikati kwa mikono. Nusu anaifunga kwenye mpini wa begi. Nusu anampa mwenyewe.

"Tia mfukoni, baba. Usimwonyeshe mtu."

Mgeni akirudi, nusu mbili hulazwa mezani na kusogezwa pamoja. Nyuzi zikikutana, begi linatoka. Zisipokutana, halitoki hata uje na machozi.

"Karatasi wanaiiga. Namba mtu anaisoma akiwa nyuma yako kwenye foleni," anasema. "Lakini mchano wa mkono haujirudii. Hata mimi niliyeuchana ukiniambia niurudie, siwezi."

Alikuwa mshona mapazia kabla macho hayajaanza kumsumbua. Siku njema hupokea mizigo thelathini hivi. Siku mbaya hushinda akipiga soga na fundi. Pango la kibanda hulilipa kwanza, chakula cha watoto kinafuata, nguo mpya zinangoja zamu yao.

Wageni humuuliza mengi kuliko bei. Teksi ipi? Nyumba gani ya kulala? Yeye huwaambia wapatane nauli kabla begi halijaingia kwenye buti, na wasimwamini anayesema nyumba waliyopanga kulala imefungwa jana.

"Siwakatazi kuzungumza na watu. Mji utaujuaje bila kuuliza? Ila mtu wa kumuuliza umchague wewe. Akikuchagua yeye, jiulize kakupendea nini."

Siku ile anayoisimulia fundi, aliyechaguliwa alikuwa mama mmoja wa makamo, mgeni kabisa mjini, aliyekuja kumwona binti yake aliyejifungua. Begini mlikuwa na nguo za mtoto, blanketi, na akiba yote aliyomletea mzazi. Aliliacha kwa Mama Mizigo akaenda kutafuta chai.

Baada ya muda akaja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi. "Shangazi yangu, yule aliyekwenda kunywa chai, kanituma begi," alisema, akaweka kitambaa mezani. Maua ya njano, yale yale.

Mama Mizigo akakisogeza kwenye nusu iliyofungwa begini. Havikukutana popote.

"Hiki hakikuzaliwa na hiki," alimwambia. "Lete nusu yako."

Kijana alitoka mbio, na hapo fundi hakudanganya: ndara yake moja ilibaki mlangoni. Ila kilichofuata fundi hakukiona. Mama Mizigo aliendelea kukitazama kile kitambaa. Kilitoka kwenye pazia la sebuleni la marehemu mama yake. Upande mmoja aliurithi yeye, ndio anaouchana, na nusu zikirudi huzichana tena. Upande wa pili uko dirishani kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo stendi nzima inamwita Mwenyeji, kwa sababu yeye humwambia kila anayeshuka basi, "Karibu, mimi ndiye mwenyeji wako."

Mama Mizigo alifunga kibanda, jambo asilolifanya kamwe mchana, akaenda kwenye mgahawa. Aliwakuta wamekaa, Mwenyeji akimmiminia mgeni chai.

"Dada mkubwa, begi lako lipo salama. Njoo ulichukue," alimwambia yule mama. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Pazia la mama umelichana?"

Mwenyeji aliinamia birika.

Je, haogopi haya kuandikwa? "Andika. Mwenyewe anajua, na mimi nilimwambia nitasema. Aliyeniachia begi kaniachia roho yake. Nikificha la ndugu yangu, kesho nani ataniachia?"

Tangu siku ile Mwenyeji hajaonekana kwenye milango ya mabasi. Mama Mizigo naye ana mpango wake: wasimamizi wa stendi wamemkubalia kibanda cha pili, geti la kutokea. Mbao ameshanunua. Bado mtu wa kukaa humo.

Leo, mazungumzo yakielekea mwisho, Mwenyeji anatokea. Amebeba kitu kilichokunjwa kwapani. Anakiweka mezani taratibu: ni pazia, limepungua kona moja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimelileta lote lililobaki." Analisogeza kwa dada yake. "Niweke kule geti la kutokea. Stendi hii naijua. Matapeli wote nawajua."

"Hilo silibishi," anasema Mama Mizigo, na fundi anakohoa kuficha kicheko.

"Sifanyi mzaha, dada. Nipe nikae mimi."

Mama Mizigo anapitisha kiganja juu ya maua ya njano. Kabla hajafungua mdomo, msichana mwenye begi la mgongoni anafika dirishani akihema. Mama Mizigo anachukua kipande kutoka kwenye kapu lake mwenyewe, anakitoboa ukingo kwa meno, anachana.

"Tia mfukoni, mwanangu. Usimwonyeshe mtu."

Msichana anaondoka. Pazia bado liko mezani, na mkono wa Mwenyeji uko juu yake.

"Dada," anasema. "Nimekuomba."