Alirudi Kulitengeneza Neno

Darasa langu la Kiingereza pale Rongo lilikuwa la watu wazima waliokijua tayari: walimu, wauguzi, mchungaji mmoja. Hawakuhitaji sarufi. Walihitaji kuzungumza, basi niliwapanga wawili wawili, nikawa napita katikati ya madawati nikisikiliza wanavyojisahihisha. Mtu hukosea, husita, hurudi kulitengeneza neno lake mwenyewe. Nilikuwa nimewakataza kudakizana maneno. "Mwenzako akikwama, mpe nafasi. Atajirekebisha."

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo niliwapa mada nyepesi: familia. Muuguzi mmoja kutoka Macalder aliketi na mchungaji. Nilisimama nyuma yao, maana muuguzi huyo alikuwa na sikio kali kuliko wote. Hata "fish" ikimtoka kama "fis" alirudi kuichukua.

Akaanza kueleza habari za kakake mchimba dhahabu. "My brother work," akasema, kisha haraka, "works in the mines." Nikatabasamu. Akalirudia tena lile neno. Halafu, polepole: "Worked."

Mchungaji akasahau katazo langu. "Hapo umeharibu, dada. Ya katikati ndiyo ilikuwa sawa. Si bado anachimba? Muhula uliopita nilimpata hapo nje amekuletea samaki."

"Hapana, pastor," akajibu kwa Kiswahili. "Hii ya mwisho ndiyo sawa. Shimo lilimfukia. Tulimzika Ijumaa."

Nilishika mgongo wa kiti chake. Mazungumzo ya wengine yakakatika dawati baada ya dawati. Asubuhi ile alikuwa amenisalimia mlangoni, akaniuliza likizo ilikuwaje, nami nikamsimulia mahindi yangu yote. Sikuona kitu usoni pake. Kitu chochote.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Sikujua nianzie wapi, mwalimu. Na mdomo ukasema 'works' wenyewe tu, kama yuko."

Mchungaji alijifunika uso kwa mikono. Alipoweza kusema, akaomba ruhusa tusali. Alianza kwa Kiingereza, kikamkatalia katikati, akamalizia kwa Kijaluo, na wengi wetu tukalia naye.

Jumapili tulikwenda Macalder darasa zima. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na kando yake mtu alikuwa ameacha karai la kuoshea dhahabu. Mama yao alitukaribisha chai.

Wiki iliyofuata muuguzi alirudi, akaomba aketi na mchungaji yule yule. Niliwapa soko la mifugo la Ogwedhi wazungumzie. Wakabishana vizuri tu kama ng'ombe wa huko ni wazuri kuliko wa kwetu, na mara moja nikamsikia muuguzi akicheka. Lakini sikuthubutu kusimama nyuma yao. Nilikaa mezani pangu nikijifanya nasahihisha insha, na kila sauti iliposita mahali popote darasani, nilisimamisha kalamu, nikiliogopa neno litakalofuata.