Machujio Yaliyokwama Baharini

Jina la Mama Sindano alipachikwa na wateja wake, maana alikuwa fundi cherehani wa nguo za maharusi, mkono mwepesi, mshono wake haupindi. Figo zilipomgoma, jina likageuka mzaha mchungu: sasa sindano zilimwingia yeye. Mara mbili kwa wiki alikaa kwenye kiti cha kuegemea hospitalini, mkono ameunyoosha, damu ikimtoka kwa mrija, ikapita kwenye chujio la mashine, kisha ikamrudia. Bila hivyo, alishaambiwa, maji yangemjaa mpaka mapafuni.

Kulia kwake alikaa Dereva, aliyekula umri wake kwenye malori ya masafa marefu. Kushoto alikaa Karani mstaafu, mtu wa shati lililonyooshwa pasi mpaka kwenye kola. Wawili hawa walikuwa paka na panya, na kisa chenyewe kilikuwa vita vya mbali, vya nchi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzikanyaga.

"Mzee, yule mkubwa alichokozwa," Dereva alisema siku moja. "Ukichokoza nyuki, usilie ukiumwa."

"Kuvamia nyumba ya jirani ni kuvamia tu," Karani akajibu, "hata uje na gunia zima la sababu."

"Na hao unaowatetea, silaha wanapewa na nani? Si walewale waliotunyonya sisi?"

"Kwa hiyo aliyekunyonya jana akimsaidia mtu leo, huyo mtu auawe?"

Mama Sindano, aliyekuwa katikati, alipokea maneno kwa masikio yote mawili. "Jamani," akasema, "mimi nasafishwa damu huku, nyinyi mnanichafulia."

Wakacheka. Na yeye akacheka, kwa kuwa kwake vita vile vilikuwa moto wa ng'ambo, moshi haufiki.

Wiki iliyofuata Sista, muuguzi mkuu wa chumba kile, aliingia bila salamu zake za kawaida. "Machujio hayajafika," akasema. "Njia ya meli imefungwa kwa ajili ya vita, meli inazunguka mbali. Yaliyobaki stoo ni machache. Kuanzia leo kila mmoja atakuja mara moja kwa wiki."

"Nani kaifunga hiyo njia?" Dereva akauliza.

Karani akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Nyumbani kwa Mama Sindano hofu ilihamia kama mgeni asiyeaga. Mdogo wake alimpimia maji kwa kikombe cha mtoto. Miguu ilivimba hata ikashindwa kukanyaga cherehani, na gauni la bibi harusi mmoja likabaki limening'inia halina mikono. Usiku alilala ameketi, mito mgongoni, akisikiliza pumzi zake kama mtu anayesikiliza mwizi dirishani. Yeye aliyekuwa akizima redio, sasa ndiye aliyewanyamazisha wenzake taarifa ya habari ikianza.

"Shemeji, achana nao wamalizane," mume wa mdogo wake alimwambia. "Vita vya watu, sisi vinatuhusu nini?"

Mama Sindano akabonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole. Kidole kilipotoka, shimo likabaki palepale. "Vinanihusu hapa, shemeji."

Siku ya zamu yake na Karani ilipowadia, alimkuta Dereva kaletwa kwa kiti cha magurudumu. Haikuwa siku yake Dereva. Midomo ilikuwa imepauka, na kifua kilikoroma kama chungu kinachochemka.

"Huyu hafiki kesho," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Chujio la ziada sina. Siwezi kumlazimisha mtu, lakini nauliza: nani kati yenu anaweza kusubiri hadi kesho asubuhi, nimwombe mwenzangu wa hospitali nyingine atugawie?"

Mama Sindano alitaka kusema. Aliona maji yakimpanda kifuani usiku ule, akaona mito, akaona dirisha, akainamisha macho yake kwenye vidole vyake. Alimwomba Mungu kimoyomoyo mtu mwingine aseme, upesi.

"Mwekeni," Karani akasema. Akainuka kitini. "Akizinduka mwambieni bado amekosea."

Karani aliondoka akishikilia ukuta. Kesho yake alirudi amevimba uso, hajalala, lakini yu hai, na chujio la kuazima likapatikana. Dereva naye alipona. Walipokutana tena alimwita "kaka" badala ya "mzee", ingawa msimamo wake hakuubadili hata chembe, na Karani hakumwomba aubadili. Walibishana, ila kwa sauti ya wagonjwa.

Meli ilitia nanga baada ya majuma mengi. Zamu zikarudi mbili kwa wiki, miguu ikanywea, gauni likapata mikono.

"Na wewe mama, hujatuambia," Dereva alimuuliza siku moja. "Uko upande gani?"

"Upande wa meli," akasema, na wote wakacheka isipokuwa yeye. Vita vilikuwa havijaisha. Alimwita Sista, akamnong'oneza, kama alivyofanya kila alipofika, "Stoo yamebaki mangapi?"

Sista akampapasa bega, akaenda kuangalia mashine.