Shiru, Kosa Halikuwa Kwenye Faili Yako

Nimeandika na kufuta hii post mara nne tangu asubuhi. Akili inakataa kabisa. Shiru wetu hayupo, jamani.

Alhamisi, akiwa nyumbani kwao, alilalamika kichwa. Ijumaa wakamlaza. Jumamosi mchana dadake akanipigia simu, akasema "Kevo," halafu akashindwa kuendelea. Nikajua.

Kwa wale mliomjua kupitia kazi yake tu: Wanjiru, Shiru wa mtaa wa Jericho, ndiye aliyechora kila kitu kinachocheza ndani ya app yetu ya kuagiza mboga. Mimi ni mtu wa code. Tulikuwa wawili tu, kwenye chumba kilicho juu ya fundi cherehani, na meza moja. Robo tatu ya hiyo meza ilikuwa yake na hakuwa na aibu.

Shiru hakuchora picha za kutazama. Alichora vitu vinavyokujibu. Ukigusa nyanya, inabonyea. Ukiacha order katikati, nyanya inanuna na kukupa mgongo.

Nilimwambia watu watakasirika. Akasema, "Wacha wakasirike! Si wameacha nyanya ya wenyewe?"

Mamake anauza mboga sokoni Jericho tangu kabla Shiru hajazaliwa. Hakuwahi kuelewa mtoto wake anafanya kazi gani. Akiulizwa na wenzake alikuwa anajibu, "Huyo? Anacheza na simu siku nzima."

Shiru alikuwa akicheka akinisimulia. Lakini ilimuuma, nilikuwa namwona.

Ndipo akaamua kumchora. Alikaa juu ya kreti alasiri nzima akirekodi mikono ya mamake ikikata sukuma wiki. Mama akachoka naye: "Wewe Shiru, umekuja kununua ama kunipiga picha? Toka hapo, unanizibia wateja!" Wateja walicheka mpaka wakasahau walichokuja kununua.

Akatokea mama wa kwenye app. Leso kichwani, aproni ya mfuko mmoja, mwanya kwenye meno. Ukigusa sukuma, anakata. Ukimgusagusa ovyo, anakuangalia vile mama mboga humwangalia mtu aliyebonyeza avocado zote na hanunui hata moja. Wueh! Nilipomwona mara ya kwanza niliomba msamaha kwa sauti.

Mpango wake ulikuwa mmoja. Jumapili, wakitoka kanisani, amwekee mamake hiyo app kwenye simu yake mwenyewe, amwambie: hii ndiyo kazi yangu.

Kwenye laptop ya Shiru, yule mama wa kuchorwa alikuwa anakata vizuri. Kwenye app yangu alisimama tu, kisu juu, hasongi.

Kuna library ndogo inakaa ndani ya app, tunaiita runtime. Ndiyo inasoma faili ya mchoraji na kuifanya isikie kidole chako. Hiyo ni sehemu yangu. Nilipaswa kuanza kuangalia hapo.

Badala yake nilimwambia, "Shiru, kosa liko kwenye faili yako."

Akajenga upya. Kila kidole, kila jani. Mama akasimama vile vile.

"Kevo, cheki upande wako basi."

"Nimecheki."

Sikuwa nimecheki.

Jumapili ikapita. Akajenga mara ya tatu. Jumatano jioni akasimama mlangoni na begi begani, akauliza, "Bado?" Nikajibu bila kuinua macho, "Bado. Ni faili." Akasema, "Poa bro. Kesho naanza tena."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Jumatatu, siku mbili baada ya yeye kufariki, nilifungua code ili niwe tu karibu na kazi yake. Nikaona mstari nilioandika mwenyewe miezi iliyopita. Update moja iliwahi kutuharibia app asubuhi ya demo, tukiionyesha kwa watu, nikaifunga library kwenye version ya zamani na kuandika pembeni: USIGUSE. Halafu nikasahau. Faili ya Shiru ilihitaji version mpya. Ile ya zamani haikulalamika popote, ilionyesha picha tu na kunyamaza.

Nikabadilisha namba moja. Dakika kumi hazikuisha, mama akashusha kisu na kukata sukuma.

Nikashika simu kumpigia Shiru. Furaha ilinipofusha, nisiwadanganye. Dadake ndiye aliyeipokea. Nikakata.

Jana nilienda kwao. Watu walikuwa wengi, chai inazunguka. Nilikaa kando ya mamake na kumpa simu yangu. Akagusa sukuma. Akaitazama ile mikono kwa muda.

"Huyu anakata kama mimi."

"Ni wewe, Mama. Shiru ndiye alikuchora."

Akagusa tena. "Aliniambia ataniletea kitu Jumapili. Halafu akasema kazi imemshinda." Akanigeukia. "Kumbe haikumshinda?"

"Haikumshinda, Mama. Alikuwa amemaliza. Ni mimi niliyekosea, na nikamwambia kosa ni lake."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliendelea kugusa yale majani, jani moja moja.

Shiru, sijui nifanye nini na hii kitu. Nimezoea kosa la kazi linarekebishwa, unatuma update, maisha yanaendelea. Hili limekataa. Wiki yako ya mwisho duniani uliimaliza ukitafuta kosa ambalo halikuwepo, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuangalia. Siwezi kukurudishia hata siku moja ya hizo.

Faili zako zote tatu nimezijaribu. Zote zinafanya kazi. Hata ile ya kwanza, Shiru. Ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Nisamehe, rafiki yangu. Ulale salama.